Wimbo wa Kinywa cha Mwingine
Hotuba kwa waimbaji, watunzi na walimu wa kwaya

Bwana Yesu asifiwe.

Wachungaji wetu, wazee wa kanisa, walimu wenzangu wa kwaya, mama zetu na baba zetu mliotutangulia katika kuimba, na ninyi vijana mliojaa huku mbele na daftari zenu magotini: nashukuru kwa kunipa saa hii. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie huduma ya uimbaji, utunzi, kurekodi, na maisha ya mwimbaji wa injili kwa ujumla. Nimeisoma mara kadhaa, nikaona mambo hayo yote kwa saa moja nitayagusagusa tu. Basi nimekuja na mtu mmoja. Nitawasimulia maisha ya mtunzi mmoja, na nilicho nacho moyoni kuhusu kazi yetu nitakisemea humo humo.

Lakini kwanza niwaambie kwa nini nilimtafuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimetoa albamu yangu ya pili. Nyimbo nane. Ilipokelewa vizuri, nikaalikwa huku na huku, nikaanza kuzoea kuitwa mbele. Kisha dada mmoja wa kwaya yetu, mwimbaji wa sauti ya pili, akafiwa na mtoto wake wa miaka minne. Tulikwenda msibani jioni, tukaketi chini na akina mama. Baada ya maombi yule dada akainua uso, akasema, "Mwalimu, niimbie wimbo wako mmoja."

Nikazipitisha zote nane kichwani. Wa kwanza ulisema nimeshinda. Wa pili ulisema adui zangu wameaibika. Wa tatu ulisema mlango umefunguka na aliyenicheka sasa ananipigia makofi. Nikaendelea hivyo hadi wa nane. Nikachagua uliokuwa na mwendo wa polepole kuliko wenzake, nikauanza. Kiitikio chake nilikuwa nimekipandisha juu sana kule studio, kwa sababu huko juu ndiko sauti yangu inakong'aa. Akina mama walijaribu kunifuata, hawakufika. Mtu aliyelia mchana kutwa sauti yake hushuka, haipandi. Wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki naimba peke yangu, katika chumba cha msiba, habari za ushindi wangu.

Nilikatisha katikati. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni, ameegemea ukuta, akaanza wimbo wa tenzi za zamani kwa sauti ya chini yenye mikwaruzo. Chumba kizima kikaingia. Mama wa mtoto naye akaingia, hana sauti, midomo tu inatembea.

Sikupata usingizi usiku ule. Niliimba bila kukosea noti hata moja, na bado sikuwa na kitu cha kumpa yule dada. Nyimbo zangu zote nilikuwa nimezitunga kwa ajili ya kinywa changu. Ndipo nikaanza kuuliza: waliotunga zile nyimbo ambazo bibi kama yule anaweza kuzianzisha gizani, bila kinanda, bila kitabu, walikuwa wanafanya nini ambacho mimi sikifanyi? Katika kutafuta nikafika kwa Thomas Andrew Dorsey.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1899 katika mji mdogo wa Villa Rica, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, akafariki Chicago tarehe 23 Januari 1993. Anaitwa baba wa muziki wa injili wa Wamarekani weusi. Na tafadhali sana, mkienda kumtafuta kwenye intaneti mtakutana na habari inayosema kwamba wimbo wake mkuu ulitungwa na Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi ya jazi. Si kweli. Huyo alikuwa mtu mwingine kabisa, Mzungu, mpiga tromboni, aliyefariki 1956. Majina yamefanana tu. Nimesikia hata watumishi wakiisimulia habari hiyo madhabahuni, na kila nikiisikia huumia, kwa sababu mtunzi hana mali nyingi duniani. Akinyang'anywa na jina lake amebaki na nini?

Baba yake alikuwa mhubiri ambaye pia alilima shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Mama yake alipiga kinanda kanisani. Familia ilipohamia Atlanta maisha yalikuwa magumu, mtoto akaacha shule mapema, akawa anauza vinywaji katika ukumbi wa maonyesho. Huko akawa anawakodolea macho wapiga piano, vidole vyao, na hivyo ndivyo alivyojifunza. Akiwa bado kijana akaelekea kaskazini, Chicago, katika ule msafara mkubwa wa watu weusi waliokuwa wakiikimbia kusini, ubaguzi wake na njaa yake, wakafuata kazi za viwandani.

Chicago hakwenda kuwa mtumishi wa Mungu. Alikwenda kupiga bluzi. Kwa wasioifahamu, bluzi ni muziki wa mtu mweusi wa Marekani anayesema shida yake waziwazi: nimeachwa, sina pesa, treni inaondoka na mpenzi wangu. Kuanzia mwaka 1924 alimpigia piano Ma Rainey, mwimbaji mkubwa kuliko wengi wa zama zile, na ndiye aliyeiongoza bendi yake. Jukwaani walimjua kwa jina la Georgia Tom. Alioa mwaka 1925, mkewe akiitwa Nettie Harper. Mwaka 1928 akarekodi na mpiga gitaa Tampa Red wimbo wa mambo ya mwilini, wa kuchekesha walevi, nao ukauzwa kupita matarajio ya yeyote. Siufichi ukweli huo. Wapo wanaopenda kusimulia maisha ya waimbaji wa injili kana kwamba walishuka kutoka mbinguni wakiwa wameshaoshwa. Dorsey aliyumba kati ya kanisa na kumbi za starehe kwa zaidi ya miaka kumi. Aliwahi kuokoka katika mkutano mkubwa wa Wabaptisti mwaka 1921, akaanza kutunga nyimbo za kanisani, kisha akarudi kule kule kwenye bluzi, kwa sababu bluzi ndiyo iliyolipa.

Katikati ya hayo, mwaka 1926, akaanguka. Hakuvunjika mfupa wala hakuwa na homa. Roho yake ilizima. Kwa muda wa karibu miaka miwili hakuweza kufanya kazi, piano ikawa mbele yake na mikono haitaki. Leo tungesema ana sonona. Mkewe ndiye aliyeibeba nyumba. Katika siku hizo jirani yake akaugua ghafla akafa, na kifo hicho kikamsukuma kutunga wimbo ambao ningeomba kila mtunzi hapa auchunguze. Wimbo unamweka mtu kando ya kitanda cha jirani anayekata roho. Mtu huyo hatoi hotuba ya imani. Anamwagiza tu anayeondoka: ukifika, ukimwona Mwokozi wangu, mwambie umeniacha njiani, nami naja. Basi.

Hebu fikirini jinsi ulivyotengenezwa. Yeyote aliyewahi kukaa kando ya mgonjwa anaweza kuuimba kesho yake bila kubadilisha neno. "Mimi" wa wimbo ule hakuwa Dorsey peke yake. Kilikuwa kiti kitupu, kimewekwa pale, anayekuja na shida yake akalie.

Alipomaliza akaufanyia kile ambacho nasi tungefanya: akatafuta watu wa kuusikia. Siku zile wimbo ulisafiri kwa karatasi. Akachapisha nota na maneno, akakopa pesa za stempu, akatuma nakala kwa makanisa huko na huko. Kimya. Akazunguka kwa miguu, akaingia kanisa hili akaambiwa leo hakuna nafasi, akaingia lile akaketishwa mbele, mchungaji akamaliza ibada bila kumwita. Kijana unayeniambia umeuweka wimbo mtandaoni wiki mbili na watazamaji hawafiki mia, nakuelewa kabisa, inauma. Ila wimbo ule ulikaa miaka. Mwaka 1930, katika mkutano wa kitaifa wa Wabaptisti weusi uliofanyika Chicago, mwimbaji Willie Mae Ford Smith aliuimba mbele ya wajumbe. Ukumbi ukainuka. Wajumbe wakataka karatasi, na Dorsey, ambaye hakuwa na habari kwamba wimbo wake ungeimbwa siku ile, akaitwa aje kuuza. Nakala zikatoka kwa maelfu.

Sikilizeni tena: aliyeuinua wimbo ule si mtunzi wake. Dorsey hakuwa na sauti ya ajabu. Alirekodi nyimbo chache tu za injili kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akaacha. Alikuwa mpiga piano na mtu wa kalamu. Maisha yake yote alihitaji kinywa cha mtu mwingine, na nadhani upungufu huo ndio uliomfundisha kazi. Mwenye sauti kubwa huvumilia wimbo dhaifu kwa sababu sauti yake inauficha. Yeye alijua karatasi itaondoka mikononi mwake, itafika kwa kwaya asiyoijua, kwa mwalimu ambaye pengine hasomi nota, na huko wimbo ama utasimama wenyewe ama utaanguka. Hata karatasi zenyewe aliziandika wazi, noti za msingi tu. Mapambo, zile sauti za kupinda na kurefusha na kuitikiana, aliwaachia waimbaji. Aliwaamini.

Sasa makanisa makubwa ya watu weusi pale Chicago hayakumtaka, na ni vema tuelewe sababu, maana sababu hiyo bado iko kati yetu. Waumini wao wa zamani walikuwa wamepigana kupata heshima mjini. Kwaya zao ziliimba kazi za Bach na Handel, watunzi wa kale wa Ulaya, kwa nota, wamesimama wima. Wakaja wahamiaji kutoka kusini, masikini, wanapiga makofi, wanatikisika, wanalia kwa sauti. Halafu anakuja mpiga bluzi anataka kuwapa hawa watu piano inayoyumba kama ya klabuni na maneno ya Yesu juu yake. Waliona aibu. Dorsey mwenyewe alikuwa akisema kwamba ametupwa nje ya makanisa yaliyo bora kabisa.

Siwadharau wale wazee. Walikuwa na hofu ya kweli: kwamba dunia itaingia kanisani ikiwa imevaa joho. Hofu hiyo ninayo hata mimi ninaposikia baadhi ya midundo ya siku hizi. Lakini Dorsey aliona kitu ambacho wao hawakukiona. Wahamiaji wale, wengi wao akina mama wa kazi za ndani, wiki nzima walikuwa wakipiga magoti kusugua sakafu za watu. Jumapili walipofika kanisani walikuta nyimbo nzuri ambazo hazikuwa na mahali pa kuuweka uchovu wao. Bluzi ilikuwa na mahali hapo, lakini bluzi haikuwa na mtu wa kumwambia. Unasema shida yako inaishia hewani. Yeye akachukua ule ukweli wa bluzi, akaugeuza uwe maombi. Mwaka 1931 pamoja na mwimbaji Theodore Frye akaanzisha kwaya ya injili katika kanisa la Ebenezer Baptist pale Chicago, ikajaa hao hao wahamiaji, na mwaka uliofuata mchungaji wa Pilgrim Baptist, Junius Austin, akamchukua kuongoza kwaya ya injili huko. Alikaa Pilgrim miaka na miaka.

Nifike sasa Agosti 1932.

Nettie alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Dorsey alikuwa amealikwa kuimba katika mkutano wa uamsho St. Louis, mbali na nyumbani. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba hakutaka kwenda. Alipokwisha kuondoka akakumbuka kuwa amesahau mkoba wa nyimbo, akarudi, akamkuta mkewe amelala. Akasimama pale. Kuna kitu kilimwambia abaki. Akachukua mkoba, akatoka polepole asimwamshe.

Kule St. Louis, mkutano ukiwa umepamba moto, akaletewa simu ya maandishi, telegramu. Mkewe amefariki. Alipofika nyumbani alikuta mtoto wa kiume amezaliwa. Kabla ya siku ya pili kupita mtoto naye akafa. Waliwazika pamoja, mama na mwanawe, katika jeneza moja.

Mtu huyu alikuwa ameiacha bluzi kwa ajili ya Mungu. Alikuwa safarini akimwimbia Mungu. Na hayo ndiyo yaliyompata. Alikiri kwamba alimkasirikia Mungu, akaona ametendewa isivyo haki, akafikiria kurudi kwenye muziki ule aliokuwa akiujua vizuri. Siwezi kulipita jambo hili haraka, kwa sababu sisi waimbaji tumezoea kulipita haraka. Tukisimulia msiba tunaharakisha kufika kwenye "lakini Mungu". Zaburi ya 88, utenzi wa Hemani Mwezrahi, haifiki kwenye "lakini Mungu". Inaanza kwa kilio usiku na mchana na inaishia gizani, na Roho Mtakatifu aliona vema iwemo katika kitabu cha nyimbo cha watu wake. Ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla haijapata nguvu ya kutumaini. Kama Biblia imempa nafasi mtu asiyeona mwanga, sisi ni nani tumfungie mlango? Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba wimbo wa huzuni unaonyesha upungufu wa imani na kwamba watu wanakuja kanisani kufurahi. Nimejibu na nitaendelea kujibu: mwenye huzuni asipopata wimbo kwetu, ataupata kwingine.

Siku chache baada ya mazishi Frye alimchukua rafiki yake, wakaenda mahali penye utulivu palipokuwa na piano. Dorsey akakaa akaanza kuzigusa funguo. Mikono yake haikuleta muziki mpya. Ilikwenda kwenye sauti ya wimbo wa zamani wa kanisani, uliokuwa umechapishwa tangu miaka ya 1840, sauti ambayo alikuwa ameimba tangu utoto. Akaichukua, akaipunguza mwendo, akaikunja hapa na pale kwa mkono wa mtu wa bluzi, na maneno yakaanza kuja. Akamwimbia Frye. Katika mstari wa kwanza alikuwa akimwita Bwana "mbarikiwa". Frye akamwambia hapana, mwite "wa thamani". Akabadilisha.

Huo ndio wimbo unaojulikana duniani kama "Take My Hand, Precious Lord". Maana yake: nishike mkono, Bwana wangu wa thamani.

Naomba tuushike mkononi kama fundi anavyoshika kazi ya fundi mwenzake. Hautaji Nettie. Hautaji mtoto, wala St. Louis, wala mkoba uliosahauliwa. Mtu huyu alikuwa na ushuhuda wa kumfanya kila msikilizaji alie, na hakuuweka ndani. Akaweka kilichobaki ukishaondoa majina: nimechoka, sina nguvu, ni usiku, niongoze nifike nyumbani. Maneno ni mafupi, mengi yao mtoto anayajua. Mistari ni mifupi pia, kwa hiyo mwenye kwikwi anapata pa kuvuta pumzi. Sauti yake haitembei sana, iko ndani ya kimo ambacho bibi na mjukuu wanakifikia wote wawili. Na hauna mahali popote unapomtaka mwimbaji aseme kwamba ameshapona. Anaomba mkono tu.

Yule dada wa sauti ya pili angeweza kuuimba usiku ule. Hata kwa kutembeza midomo.

Na ule msaada wa Frye msiudharau. Neno moja, kutoka kwa rafiki aliyekuwa tayari kumkosoa mtu aliyefiwa. Wangapi kati yetu wana mtu wa namna hiyo kabla ya kuingia studio? Mimi sikuwa naye. Waliokuwa karibu nami wote walikuwa wananipongeza.

Haya mengine nitayapitia haraka. Mwaka huo huo wa 1932 alifungua duka lake la kuchapisha nyimbo, na pamoja na wenzake, akiwemo Sallie Martin, wakaanza kuunganisha makwaya ya injili ya miji mbalimbali kuwa mkutano wa kitaifa ambao yeye aliuongoza kwa miaka kama 40. Sallie Martin hakuwa na sauti laini wala hakusoma nota, lakini aliona Dorsey ana mali asiyojua kuitunza. Akazishika hesabu, akapanga mauzo, akasafiri kufundisha makwaya nyimbo zile. Watunzi, kama hujui kutunza hesabu mtafute anayejua, na umheshimu. Na kuhusu hakimiliki, Dorsey alisajili wimbo wake wa kwanza mwaka 1920, enzi za bluzi, na alipoingia injili hakuuacha utaratibu huo. Wapo wanaodhani kusajili wimbo wa Mungu ni kumuuza Mungu. Yeye hakuona hivyo. Aliuza nyimbo kwa senti, karatasi moja moja, na akasimama kama mwenye nazo. Mchana kuna kipindi kizima cha mambo hayo, sitamwingilia mwalimu wake.

Kisha akaja Mahalia Jackson. Binti wa New Orleans, amehamia Chicago, sauti kama mlango mkubwa unafunguliwa. Walizunguka pamoja, yeye akiimba, Dorsey akipiga piano na kuuza karatasi. Alimtungia wimbo wa amani bondeni, mwishoni mwa miaka ya 1930, na wimbo huo ukaja kuimbwa na weusi kwa weupe, hadi Elvis Presley, mwimbaji mashuhuri Mzungu, akaurekodi mwaka 1957. Hivyo mpiga bluzi aliyefukuzwa makanisani akawa anaimbwa katika nyumba ambazo enzi zile asingeruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele.

Lakini ninapotaka mfike nami ni Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, jioni. Mchungaji Martin Luther King, mpigania haki za watu weusi wa Marekani, amesimama kwenye baraza ya juu ya hoteli ya Lorraine. Chini yake uani yuko Ben Branch, mpiga saksofoni, aliyekuwa apige katika mkutano wa usiku ule. King akamwambia usiku wa leo nipigie ule wimbo wa Dorsey, "Precious Lord", na uupige vizuri hasa. Dakika chache baadaye risasi ikampata.

Siku tano baadaye, katika mazishi yake, Mahalia Jackson alisimama akauimba. Mahalia naye alifariki Januari 1972, na katika mazishi yake akasimama mwimbaji Aretha Franklin akauimba huo huo. Mwone jinsi unavyopokezanwa. Aliyeuimbia msiba wa mwenzake, zamu yake ikafika, na kinywa kingine kikawa tayari. Dorsey alikuwa hai miaka hiyo yote, mzee, amekaa Chicago. Wimbo alioutunga kwa ajili ya jeneza moja lenye watu wawili alikuwa akiusikia ukirudi kwake kutoka kwenye majeneza ya watu wengine, na hakuna aliyehitaji kujua habari za Nettie ili uimbike.

Nimetunga nyimbo chache tu tangu ule msiba. Nyingi nimezitupa. Huwa nauandika ubeti, kisha nauacha siku kadhaa, kisha nampa mtu wa kwaya auimbe bila mimi kumfundisha jinsi ya kuuremba. Mara nyingi anaposhindwa ndipo ninapoona nilipojificha: neno nililoweka kwa sababu linanipendeza mimi, noti niliyoipandisha ili nishangiliwe, mstari unaojisifu huku ukijifanya unamsifu Mungu. Nafuta. Yule dada bado yuko kwenye kwaya, sauti ya pili, na sasa ndiye ninayempa kwanza. Husema "hapana" bila kusitasita.

Kwa hiyo leo tusifunge kwa mimi kuimba, ingawa ratiba imeandikwa hivyo, na naomba mwenyekiti anisamehe. Tukirudi kutoka mapumzikoni, kila mtunzi achukue karatasi moja na kuandika ubeti mmoja wa wimbo wake, ambao haujarekodiwa bado. Usiandike jina lako. Mkabidhi mtu aliyeketi nyuma yako, ambaye hamfahamiani, umwonyeshe sauti yake mara moja tu. Kisha yeye atakuja hapa mbele auimbe, na wewe utabaki kwenye kiti chako, kimya, unasikiliza.

Mama zetu wa safu ya nyuma, ninyi ndio mtakaoanza.